Folda ya pamoja si nakala rudufu

Umeuliza kama inatosha kunakili mafaili kila usiku kwenye folda inayotumiwa na kompyuta zote za mtandao wako. Haitoshi, kwa sababu kirusi kikiingia katika kompyuta moja yenye ruhusa ya kuandika humo, kinaweza kuharibu mafaili pamoja na nakala zake. Ni afadhali kompyuta ya kuhifadhia nakala ndiyo iende kuyachukua mafaili kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) kupitia SSH (njia salama ya kuunganisha kompyuta), ikitumia ufunguo wa kidijitali wenye ruhusa ya kusoma tu, huku cron (programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba) ikianzisha kazi hiyo kwa “30 2 * * *”, yaani saa nane na nusu usiku. Ukiiwekea rsync “--delete” (chaguo linalofuta kwenye nakala mafaili yasiyokuwepo tena kwenye chanzo), tunza pia matoleo ya siku zilizopita, maana faili lililofutwa kimakosa mchana litafutika na kwenye nakala usiku huohuo.