Jibu: Kwa nini bahari ipimwe kabla ya kuchimba?

Ndugu, umeuliza kuna haja gani kuchukua sampuli za sakafu ya bahari wakati kisima cha mafuta hakijachorongwa. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Bila vipimo vya mwanzo, mafuta yakionekana baadaye kila mtu atakana kuhusika, maana kuna sehemu mafuta huvuja yenyewe kutoka ardhini.

Vituo vya sampuli hupangwa kwa mistari inayotoka kisimani, vingi vikiwa karibu, na vichache mbali kabisa kwa ajili ya kulinganisha. Hutafutwa mafuta, metali nzito, na hasa bariamu: bariti, madini yenye bariamu, huongezwa kwenye tope la kuchorongea (linalopigwa ndani ya kisima wakati wa kuchimba) ili liwe zito, kwa hiyo bariamu huonyesha taka zimefika wapi. Lakini mimi nawaamini zaidi minyoo na viumbe wengine wadogo wa sakafuni. Hawawezi kukimbia. Spishi dhaifu zikitoweka na minyoo aina ya Capitella, inayostahimili uchafuzi, ikajaa, pana tatizo.

Norway hurudia upimaji wa sakafu kila baada ya miaka 3 hivi. Daini ratiba kama hiyo, na mpewe takwimu ghafi, si muhtasari pekee.