Uache uhandisi ili uwe dereva wa NASCAR? Jibu langu

Mkuu umeuliza kama uache uhandisi mwaka wa pili ukafuate udereva wa NASCAR, yaani mashindano makubwa ya mbio za magari Marekani, maana "dereva hahitaji vitabu". Wengi wamekujibu kwa kejeli, mimi nitajibu kwa ninayoyaona. Nipo jimbo la North Carolina, Marekani, nilisomea uhandisi wa mitambo, na msimu ukianza wikiendi zangu nyingi zinaishia gereji ya timu ndogo inayokimbiza gari kwenye uwanja mfupi wa huku. Silipwi, napewa chakula na tisheti.

Kuna mtu mmoja inabidi umjue: Alan Kulwicki. Kijana wa Wisconsin, baba yake alikuwa fundi wa injini za mbio. Alimaliza uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee mwaka 1977. Mwaka 1986 akachukua tuzo ya dereva mgeni bora akiwa na gari moja na injini mbili. Timu yake, dereva yeye, bosi yeye. Junior Johnson, mmoja wa vigogo wa mchezo huo, alimtaka aje kuendesha timu yake kwa dola milioni 1. Akakataa.

Msimu wa 1992, zikiwa zimebaki mbio sita, alikuwa nyuma ya kinara kwa pointi 278. Watu walishamzika. Novemba 15, Atlanta, mbio ya mwisho, Davey Allison anaongoza msimamo wa pointi, Kulwicki yupo nyuma yake kwa pointi 30, Bill Elliott kwa 40. Allison akapata ajali, wakabaki wawili. Sasa angalia hesabu: mshindi anapata 175, wa pili 170, ukiongoza hata raundi moja unaongezewa 5, na aliyeongoza raundi nyingi kuliko wote anapewa 5 nyingine. Kulwicki na mkuu wake wa mafundi, Paul Andrews, wakawa wanapiga hesabu ya raundi na mafuta huku mbio inaendelea. Na gia ya kwanza ilishakufa, kila akitoka kujaza mafuta anaondoka kwa gia kubwa! Akabaki mbele mpaka akawa na uhakika kwamba hakuna atakayeongoza raundi nyingi kumzidi, ndipo akaingia kujaza. Mwisho wa siku Elliott kashinda mbio lakini kaongoza raundi 102, Kulwicki 103. Wote wakavuna pointi 180, ubingwa ukaenda kwa Kulwicki kwa tofauti ya 10. Raundi moja tu ingehamia kwa Elliott wangetoka sare, na Elliott angebeba kombe kwa sababu alikuwa na ushindi wa mbio 5 dhidi ya 2.

Lakini hesabu za Atlanta hata mwalimu wa sekondari angeziweza. Uhandisi unaonekana Ijumaa jioni gereji, watu wamechuchumaa na futi kamba wanapima mzingo wa tairi. Hapa kwetu tairi la nyuma kulia linakuwa kubwa kuliko la kushoto, kwa sababu difu imefungwa, yaani matairi mawili ya nyuma yanazunguka kwa kasi moja, na kona zote ni za kushoto. Viringisha kikombe cha plastiki sakafuni, utaona kinavyojigeuza chenyewe kuelekea upande mwembamba. Ndicho tunachokitafuta. Tofauti ikizidi, gari linakuwa tamu katikati ya kona halafu linachachamaa kwenye kunyoosha. Na tairi linatanuka likipata moto, kwa hiyo upepo unaojaza saa kumi si utakaokuwa nao raundi ya 30.

Dereva wa kawaida anarudi anasema "linateleza". Asante, tufanyeje? Dereva aliyesoma anasema: "Nikiingia kona limetulia, mkia unatoka nikianza kukanyaga mafuta." Hapo fundi anajua aanzie wapi, na jioni nzima imeokolewa.

Usidhani ni raha tupu. Kulwicki alisifika pia kwa ugumu wa kufanya naye kazi, alitaka kila kitu kipite mkononi mwake na mafundi walimkimbia. Alifariki kwa ajali ya ndege Aprili 1, 1993, akiwa bingwa mtetezi, umri miaka 38.

Baada yake yupo Ryan Newman, uhandisi Chuo Kikuu cha Purdue, alimaliza 2001 huku tayari anakimbia, akashinda Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, mwaka 2008. Kwa hiyo vyote viwili vinawezekana, ila enzi za gari moja na injini mbili zimepita. Tangu Kulwicki, dereva mmiliki aliyebeba ubingwa ni Tony Stewart tu, 2011. Wenzako huku wanaanza na gokati wakiwa watoto, wazazi wanauza mpaka shamba, na bila mdhamini hufiki popote. Kiti cha dereva kwa kila timu ni kimoja kwa gari. Wahandisi wanaajiriwa wengi, na wanatoka vyuoni.

Maliza digrii. Kama upo Kenya, Safari Rally ipo Naivasha, kaombe kujitolea kwenye timu yoyote ya ndani, hata kazi ya kubeba matairi. Ukirudi na vipimo vyako kwenye daftari, niulize tena kuhusu kuendesha.