Maswali na majibu: Saratani ya utumbo mpana yenye seli za pete

Majibu ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa mwilini ili kipimwe) cha kaka yangu yanasema ana saratani ya seli za pete. Ni kitu gani?

Ni aina adimu, takriban asilimia 1 ya saratani za utumbo mpana. Seli zake hutengeneza ute mwingi ambao hujaa ndani ya seli na kusukuma kiini hadi pembeni, hata chini ya darubini seli ikaonekana kama pete yenye kito. Mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza kinyama, huipa saratani jina hili pale tu seli hizo zinapozidi nusu ya uvimbe.

Kwa nini iligunduliwa ikiwa imeshaenea?

Seli za utumbo hushikamana kwa msaada wa protini iitwayo E-kadherini. Katika saratani hii protini hiyo mara nyingi hupungua au hupotea, kwa hiyo seli hupenya mojamoja ndani ya ukuta wa utumbo, pengine bila kuota uvimbe unaochomoza. Kinyama kilichochukuliwa juujuu kinaweza kutoka safi, na kwa maoni yangu mgonjwa ambaye dalili zake zinaendelea asitulizwe na jibu moja la namna hiyo. Tena, wakati saratani ya kawaida ya utumbo hukimbilia zaidi ini, hii hupendelea mitoki na utando unaofunika viungo vya tumboni.

Je, sisi ndugu zake tutairithi?

Wagonjwa wengi hawakuirithi. Hata hivyo baadhi yao wana ugonjwa wa Lynch, yaani wamezaliwa na hitilafu katika mojawapo ya jeni zinazorekebisha makosa ya DNA, zikiwemo MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Urekebishaji huo unaweza pia kuharibika bila urithi, jeni ya MLH1 inapozimwa ndani ya uvimbe wenyewe. Badiliko liitwalo V600E katika jeni nyingine, BRAF, likionekana kwenye uvimbe huo, uwezekano wa Lynch hupungua sana. Ombeni protini nne zinazotengenezwa na jeni hizo zipimwe kwenye kinyama kilekile, na msikubali kuambiwa kwamba hicho ni kipimo cha anasa. Ikikosekana hata mojawapo, pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, inaweza kumfaa hata mgonjwa ambaye saratani yake imeenea; Marekani iliiidhinisha kuwa tiba ya kwanza kwa wagonjwa hao mwaka 2020.

Mbona daktari anataka kupitisha kamera mdomoni, na ugonjwa uko chini?

Yuko sahihi. Saratani ya seli za pete huanzia mara nyingi zaidi kwenye tumbo la chakula, na ikihamia utumbo mpana darubini peke yake inaweza kudanganyika.