Barua kwa mwanangu: chagueni pwani moja, mkae

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, asubuhi nikausikiliza tena pamoja na baba yako. Umesema viza zimetoka, alhamdulillahi, mna wiki mbili na siku kidogo za Juni shule zikiwa zimefungwa, na mnataka kuona Marekani. Umenitajia New York, Miami, Los Angeles, San Francisco, New Orleans, na “pwani yoyote nzuri”. Ukauliza: mama, twende wapi na tuache wapi?

Chagueni pwani moja, mkae. Na mkinisikiliza mimi, iwe pwani ya South Carolina na Georgia: muanze Charleston, mshuke Beaufort na kisiwa cha St. Helena, mmalizie Savannah. Mengine yawekeni kwa safari nyingine, inshallah.

Najua mume wako atauliza kwa nini, maana California ameiota siku nyingi. Mwambie kwanza aangalie umbali. New York hadi Los Angeles ndege inachukua karibu saa sita. Ni kama kutoka Dar kwenda Dubai, na bado mko nchi ile ile. Wageni wengi wanaofikia kwetu hapa Washington hupanga miji minne ndani ya wiki mbili, wakarudi nyumbani wakikumbuka zaidi foleni za viwanja vya ndege. Kwa wajukuu zangu, na umri wao, hayo ni mateso.

Pwani ya California ni nzuri kweli. Pale Big Sur milima inashuka moja kwa moja baharini na barabara imening’inia katikati. Lakini maji ya Pasifiki upande ule ni ya baridi hata kiangazi, kwa sababu mkondo unatoka kaskazini na maji ya kilindini yanapanda juu. Watoto watachovya miguu watoke mbio. Tena Juni ndiyo mwezi wa mawingu mazito ya asubuhi Los Angeles, na San Francisco mtatembea na masweta. Hiyo ni safari ya Septemba au Oktoba, watoto wakishakua, na mwende huko tu.

Miami sina neno nayo. Bahari ina joto mwaka mzima, na kutoka hapo mnaweza kuendesha gari hadi Key West mkipita madaraja 42 juu ya maji. Ila wewe umekulia Raskazone, pale pale baharini Tanga, mwanangu, na watoto wako kila Desemba wako Pangani majini. Nauli yote hiyo ili mkaoge maji ya moto na kukaa chini ya minazi? New Orleans ina muziki na chakula kizuri sana, lakini iko kwenye Mto Mississippi, ufukwe hauna. New York iko karibu nasi, basi ni saa nne au tano. Mkirudi kutoka kusini mkiwa bado na nguvu, nendeni wewe na mume wako siku mbili, watoto niachieni mimi.

Sasa Charleston. Mji ule ulianzishwa 1670, na utajiri wake wa kwanza mkubwa ulitoka kwenye mpunga. Waliojua mpunga ni watu waliokamatwa Afrika Magharibi, Senegambia na Sierra Leone, wakavushwa bahari kwa minyororo. Wao ndio waliofyeka mabwawa, wakajenga matuta na milango ya mbao ya kufungulia maji ya mto yanapopanda na kushuka kwa nguvu ya bahari. Mtaona majumba mazuri yenye varanda ndefu upande mmoja na geti za chuma zilizofuliwa kwa ustadi. Yatazameni, yanastahili kutazamwa, na kila mkiyatazama wakumbukeni walioyalipia.

Siku ya kwanza nendeni International African American Museum, jumba lililofunguliwa Juni 2023 mahali palipokuwa gati la Gadsden. Kwenye gati hilo waliteremshwa maelfu ya watu miaka ya mwisho kabla Marekani haijapiga marufuku kuingiza watumwa, 1808. Jengo zima limeinuliwa juu ya nguzo, halikuwekwa juu ya ardhi ile. Chini yake kuna bustani, na ukingoni kuna sakafu iliyochorwa miili ya watu waliolala bega kwa bega, namna walivyopangwa ndani ya meli. Maji yanapanda yanaifunika michoro, yanashuka yanaifunua. Nilisimama pale nikawasomea Fatiha, maana Waislamu walikuwemo. Mmoja ni Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, Senegal ya leo, aliyefikishwa Charleston mwaka 1807. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akaanza na Surat al-Mulk, na maandishi yenyewe yamehifadhiwa Maktaba ya Bunge hapa Washington. Watoto wapelekeni, lakini ongea nao usiku wa kuamkia siku hiyo. Wasiyakute mambo yale ghafla.

Mkitaka kuona shamba la enzi zile, nendeni McLeod, kwenye kisiwa cha James. Kuna mashamba mengine yenye bustani kubwa zaidi na watu hufungia ndoa huko, jambo ambalo roho yangu hailikubali. McLeod vibanda vya waliofanya kazi bado vimesimama, na wanaowatembeza wageni wanasimulia habari za waliolala ndani yake.

Halafu tafuteni akina mama wa vikapu. Wanakaa soko la City Market, na wengine wana vibanda kando ya barabara ya 17 kule Mount Pleasant. Kaa karibu uangalie mikono. Hawasuki ukili kama sisi, wanashona. Wanachukua fungu la nyasi laini zenye harufu nzuri, wanalizungusha kuanzia katikati, na kila mzunguko wanaufunga kwenye wa chini yake kwa ukanda wa jani la palmetto, mti ulio ndugu wa mkoche wetu. Kinachotoboa njia ni mpini wa kijiko uliokatwa na kusuguliwa mpaka ukawa na ncha. Cha zamani kabisa katika kazi yao ni ungo mpana wa kupepetea mpunga, na bibi yako angeushika akaanza kupepeta bila kuuliza. Bei ni kubwa, kikapu cha wastani ni mamia ya dola. Usibishane na mama yule. Kidogo tu ni kazi ya siku nyingi. Kama mfuko hauruhusu, nunueni waridi lililosokotwa kwa jani la palmetto, nalo ni la hapo hapo.

Hawa ni wazao wa watu wale wa mpunga, wanaitwa Wagullah, na upande wa Georgia Wageechee. Kwa kuwa visiwani walikaa peke yao muda mrefu, walihifadhi lugha yao, upishi wao na uvuvi wao kuliko weusi wengine wa nchi hii. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliitambua rasmi pwani yao yote, kuanzia North Carolina hadi Florida. Ndiyo sababu hasa ninawapeleka huko: mtaona watu wa pwani, wanaojua maji.

Kutoka Charleston kwenda Beaufort ni mwendo wa saa moja na nusu. Njiani mtavuka Mto Combahee kwenye daraja lenye jina la Harriet Tubman. Mwanamke huyu alikuwa ametoroka utumwa, na Juni 1863, Kaskazini na Kusini wakipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliongoza askari wa Kaskazini kwa mashua mto ule ule, wakatoka na watu zaidi ya 700 waliokuwa watumwa. Punguzeni mwendo, muwaonyeshe watoto.

Beaufort ni mji mdogo, na kwangu ndio moyo wa safari. Hapo alizaliwa Robert Smalls mwaka 1839, mtumwa. Alipelekwa Charleston kufanya kazi bandarini, akawa mshika usukani wa meli ya mvuke iliyoitwa Planter, ya jeshi la Kusini, upande uliotetea utumwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na mabaharia wenzake wakawasha moto, wakang’oa nanga, wakapitia mahali wake zao na watoto walipokuwa wamejificha, wakawapakia. Yeye akavaa kofia ya nahodha. Ilibidi wapite mbele ya mizinga ya ngome ya Fort Sumter, basi kila kituo akapiga honi za ishara kama ilivyotakiwa, polepole, bila haraka, wakamdhania ni nahodha mwenyewe. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakashusha bendera ya Kusini, wakapandisha shuka jeupe, wakajisalimisha kwa manowari za Kaskazini. Alikuwa na miaka 23. Baadaye aliinunua nyumba ile ile aliyokuwa mtumwa ndani yake, akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Nyumba ipo mtaa wa Prince, na kaburi lake liko uani mwa kanisa la Tabernacle, pana sanamu ya kichwa chake. Mwanao mkubwa anapenda meli. Msimulieni mkiwa mmesimama bandarini Charleston, halafu mkamwonyeshe nyumba.

Laleni Beaufort usiku mbili angalau, mchana mvuke daraja kwenda St. Helena. Kuna Penn Center, ilianza 1862 kama shule ya watu walioachwa huru vita bado vinapiganwa, na miaka ya 1960 Martin Luther King alikuwa akija hapo na wenzake kupumzika na kupanga. Mbele kidogo kuna magofu ya kanisa dogo la karne ya 18, kuta zake zimejengwa kwa chokaa, mchanga na makombe ya chaza. Shika ukuta, makombe yanakuna kiganja. Utayakumbuka magofu yetu ya Tongoni papo hapo.

Na maji, mwanangu. Huko hakuna mikoko, kuna majani marefu ya maji chumvi hadi macho yanapoishia. Yakipwa, tope na mafungu ya chaza vinabaki wazi na ndege wanashuka. Yakijaa, majani yanabaki ncha tu. Watu wanarusha kimia kuvua kamba, wakiwa wamebana ukingo wa wavu kwa meno, kama wa kwetu. Karibu hapo kuna Hunting Island, ufukwe wa hifadhi ambao bahari inaumega kila mwaka, miti mikavu imelala mchangani. Ni mzuri kwa watoto, ila mabwawa ya ndani yana mamba, wasisogee.

Hilton Head mtaiona kwenye kila tangazo. Siwashauri. Daraja lilifika kule 1956, zikaja hoteli na viwanja vya gofu, na familia nyingi za Kigullah zikapoteza ardhi, kwa sababu ilikuwa ya urithi wa pamoja isiyo na hati. St. Helena wamewahi: sheria ya wilaya inazuia gofu na makazi ya kufungiwa kwa geti. Pesa yenu iende huko.

Savannah ipeni siku tatu. Mji wa 1733, umepangwa kwa viwanja vidogo vya kupumzikia, 22 vimebaki, vingi vina kivuli cha mialoni mikubwa inayoning’inia nyuzi za kijivu. Mnatembea kwa miguu kutoka kiwanja hadi kiwanja. Ingieni First African Baptist, kanisa lililojengwa na watumwa wenyewe, mkiongozwa na mwenyeji wa hapo. Bahari iko Tybee, nusu saa kwa gari. Ogeni mbele ya waokoaji, kuna mikondo inayovuta nje.

Mambo ya kuangalia. Vyakula ni vitamu, kamba juu ya uji mzito wa mahindi, wali mwekundu wa nyanya, kunde na mchele, lakini hata mboga za majani huwa wanatia nguruwe wa moshi. Uliza kabla ya kuagiza, kila mahali, bila aibu. Bei iliyoandikwa haina kodi, na mhudumu anategemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20, hesabuni mapema. Mume wako achukue leseni ya kimataifa huko huko, na siku ya kwanza asiendeshe usiku, maana hapa gari linakaa kulia. Viti vya watoto vya gari ninavyo. Jioni kuna usubi mwingi ukingoni mwa maji. Msimu wa vimbunga unaanza rasmi tarehe 1 Juni, lakini vikali huja zaidi Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo Juni ni afadhali. Mchana mtapata joto na ngurumo, si mambo ya kumtisha mtu wa Tanga. Muwe mmerudi kabla ya tarehe 4 Julai, sikukuu yao, bei za vyumba zinaruka.

Mtafikia kwetu, mpumzike siku mbili tatu, muone makumbusho ya Smithsonian, yote ni bure. Lile la historia ya Wamarekani weusi nitawachukulia nafasi mapema kwenye mtandao. Kisha mtapanda treni ya Palmetto Washington asubuhi, jioni mko Charleston, gari mtakodi huko. Kurudi mtapandia Savannah.

Nitumie tarehe kamili wiki hii, tiketi za treni zinapanda kadiri siku zinavyokaribia, na nyumba za kulala Beaufort ni chache. Baba yako anasema atawasindikiza hadi Charleston kama kuna nafasi. Mimi nimemwambia aulize kwanza.

Wabusu wanangu.

Mama