Barua kwa mwanangu aliye Berlin: amani ya mfalme

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na picha ya kanisa la Wafaransa pale Gendarmenmarkt tumeiangalia wote hapa nyumbani. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umetulia, ila mvua zimechelewa na mahindi ya bondeni yamenyauka.

Sasa swali lako. Unasema wenzako wa kazini wanashikilia kwamba Ulaya ilichinjana kwa ajili ya dini zaidi ya miaka mia, na kwamba hawakupumua mpaka wafalme walipojitwalia mamlaka yote. Ndipo ukaniuliza: Mama, kumbe watu wa imani mbili hawawezi kukaa pamoja mpaka atokee mmoja wa kuwaamuru?

Unajua nitakakoanzia. Mimi siulizi nani aliileta amani, nauliza imebaki mkononi mwa nani. Aliyekupa kwa kalamu, kwa kalamu atakunyang'anya. Neno hilo umelisikia kwangu tangu hujaanza shule, na wanafunzi wangu wa kidato cha tano walikuwa wanalisema kabla sijafungua mdomo.

Chukua Ufaransa, maana kanisa la picha yako limetoka huko. Januari 1562 kansela Michel de l'Hospital alifanikisha amri ya kuwaruhusu Waprotestanti, wale Wahugenoti, kusali nje ya kuta za miji. Machi mosi ya mwaka huohuo watu wa mtawala wa Guise, kabaila Mkatoliki, waliwaua waumini waliokuwa wakisali huko Vassy. Vita vikaanza, na hesabu ya kawaida ni vita vinane mpaka 1598. Katikati yake kuna jambo ambalo kila mwaka nililifundisha kwa shida: harusi. Tarehe 18 Agosti 1572 Henri wa Navarre, Mprotestanti, alimwoa Marguerite, dada wa mfalme Mkatoliki, ili ndoa ipatanishe pande mbili. Siku nne baadaye kiongozi wa Wahugenoti, Coligny, alipigwa risasi akajeruhiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24, Sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, walimuua, na mauaji yakatapakaa Paris nzima, kisha katika miji mingine kama kumi na miwili. Walikufa maelfu. Wageni wa harusi waliuawa katika mji uliowaalika.

Baada ya hapo ndipo watu walipoanza kumtamani mfalme asiyehojiwa. Mwaka 1576 mwanasheria Jean Bodin alitoa hoja kwamba lazima dola iwe na mamlaka moja ya juu, isiyogawanyika, inayotunga sheria bila kuomba ridhaa ya walio chini yake. Ukisoma hoja hiyo ukiwa umekaa salama utaiona ya kikatili. Isome ukijua kwamba mwandishi ameishi miaka kumi na minne ya vita na Paris imenuka damu juzijuzi, utamwelewa. Mimi namwelewa. Mtu aliyechoka hivyo hamwulizi mlinzi wake maswali mengi.

Basi Henri yuleyule wa harusi, akiwa sasa mfalme wa Ufaransa, Henri wa Nne, na ameshaingia Ukatoliki, alitoa Amri ya Nantes Aprili 1598. Vifungu 92 vya wazi, vingine 56 vya siri, na hati mbili za ziada kutoka kwa mfalme mwenyewe. Wahugenoti walipata kusali katika mahali palipotajwa, kushika kazi za serikali, kuwa na majaji wa pande zote mbili, na kushika miji yenye ngome kwa ajili ya usalama wao. Amri yenyewe ilijiita ya kudumu na isiyotanguka. Mahakama kuu ya Paris iligoma kuisajili, mfalme akawabana majaji mpaka wakasajili mwaka uliofuata. Hapo wenzako wana haki: bila mbabe yule amri isingepita.

Sasa ngoja nikupeleke Muheza, maana nilipofika hapa katika barua kalamu imeenda yenyewe.

Unamkumbuka babu yako kwa fimbo na kofia yake tu, ulikuwa mdogo. Lakini sheria yake ya mbuzi unaijua. Yeye Mkristo wa Magila, ndugu zake nusu Waislamu, na mama yako mdogo alipoolewa akasilimu, mzee akatamka: mbuzi wa nyumba hii atachinjwa na Mwislamu, Krismasi na Idi, msiba na harusi, ili sinia liwe moja. Hakumwuliza mtu. Mjomba wako mkubwa alinuna, akasema tunafanywa wageni kwa baba yetu. Mzee akamtazama tu, mjomba akanyamaza. Tukala sinia moja miaka yote ile, na mimi niliamini ule ndio upendo wa ukoo wetu.

Siku ya arobaini yake, mjomba wako aliamka alfajiri akachinja mwenyewe. Mama yako mdogo alishuka basi kutoka Tanga na watoto, akaingia uani, akauliza kwa upole kabisa, "Amechinja nani?" Hakuna aliyejibu. Nikasema mimi, "Kaka, baba alisema." Akanijibu, "Baba amekwenda. Mwenye nyumba sasa ni mimi." Dada yangu hakugombana. Aliwapa watoto maandazi aliyofunga kwenye kanga, wakala wamesimama pembeni ya uzio, na basi la alasiri likawarudisha Tanga. Tangu siku ile pale nyumbani kuna masufuria mawili, na wewe umeyakuta mawili ukadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kaka yangu ni kaka yangu, nimeshamsamehe. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba tulikuwa watoto sita wazima pale uani na hatukuwa na neno lingine la kumwambia. Tulikuwa na "baba alisema" tu. Kwa miaka yote ile hakuna aliyetukalisha tukakubaliana sisi wenyewe, kwa vinywa vyetu, kwamba katika ukoo huu mbuzi huchinjwa hivi kwa sababu hii. Tulizoea kutii, kukubaliana hatukujifunza.

Turudi Ufaransa. Henri wa Nne alichomwa kisu mwaka 1610 na Ravaillac, mtu aliyejiona anaitetea dini. Mkutano wa matabaka matatu ya nchi uliitishwa 1614, na baada ya hapo haukuitishwa tena mpaka 1789. Miaka 175, mwanangu, nchi nzima haikukalishwa pamoja. Kisha akaja Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme aliyefuata, akauzingira mji wa Wahugenoti wa La Rochelle, 1627 na 1628. Mji wa watu kama 27,000 ulisalimu amri ukiwa na kama 5,000, wengi wamekufa kwa njaa. Mwaka 1629, kwa mapatano ya Alès, Wahugenoti waliachiwa ibada yao lakini wakanyang'anywa ngome na haki ya kukutana kisiasa.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: hapa ndipo Amri ya Nantes ilipokufa, 1629, ingawa ilizikwa 1685. Tangu hapo ilikuwa inasimama juu ya hisani ya mfalme tu.

Naye Louis wa Kumi na Nne, mjukuu wa Henri, hakuanza kwa mabavu ya wazi. Alikuwa mtoto wa miaka kumi alipotoroshwa Paris usiku, Januari 1649, kwa sababu ya uasi wa majaji na makabaila, na nadhani hofu ya usiku ule haikumtoka. Alipoanza kutawala mwenyewe 1661 aliibana amri taratibu: kazi hii Mprotestanti asifanye, kanisa lile livunjwe. Mwaka 1681 huko Poitou wakabuni njia mpya, kuwaweka askari wa farasi katika nyumba za Wahugenoti, wale chakula chao, wavunje vitu vyao, mpaka wenye nyumba wakane imani. Hapakuhitajika vita. Askari alikaa mezani mwako na wewe ndiye uliyempikia.

Oktoba 1685 akaifuta amri ya babu yake. Makanisa yabomolewe, wachungaji waondoke ndani ya siku kumi na tano, watoto wabatizwe Kikatoliki. Na waumini wa kawaida hata kuondoka walikatazwa: mwanamume akikamatwa mpakani anapelekwa kupiga makasia katika meli za mfalme. Hata hivyo takriban 200,000 walitoroka, kwenda Uholanzi, Uingereza, nchi za Wajerumani, na wachache wakafika mpaka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688. Aliyekupa kwa kalamu, unaona? Alikuwa ametoa babu, akanyang'anya mjukuu, na kalamu ni ileile ya ufalme.

Hapo ningeweza kufunga barua, lakini wewe utanishika kwenye kanisa la picha yako. Wafaransa wale walipokelewa Berlin na Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, aliyetoa Amri ya Potsdam katika mwaka uleule wa 1685: karibuni, mtapata msamaha wa kodi, vifaa vya kujengea, wachungaji wenu na majaji wenu. Wakaja kama 20,000, na kufikia 1700 hivi, takriban mtu mmoja kati ya watano wa Berlin alikuwa Mhugenoti. Kanisa lao likaanza kujengwa 1701. Na huyo mwenyeji wao alikuwa nani? Mtawala mwingine wa kalamu, aliyeyabana mabaraza ya makabaila wake ili apate kodi ya jeshi la kudumu. Wahugenoti walikimbia mfalme mmoja wakaokolewa na mwingine wa aina hiyohiyo. Nikikaa usiku nikalifikiri hilo, neno langu la miaka yote linapata taabu.

Nikalitafutia msaada Poland. Januari 1573, miezi mitano tu baada ya mauaji ya Paris, makabaila wa Poland, Wakatoliki na Waprotestanti, wakiwa hawana mfalme, walikutana Warszawa wakaapiana wenyewe kwa wenyewe kwamba hawatamwaga damu kwa ajili ya tofauti za imani. Kisha wakamchagua mfalme: Henri wa Valois, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, mmoja wa waliokuwa katika baraza usiku ule wa Bartolomayo! Wakamtaka aape kuyalinda mapatano yao kabla hajavaa taji. Akaapa, Paris kwenyewe. Miezi michache baada ya kutawazwa akatoroka Kraków usiku kwenda kurithi kiti cha kaka yake, na mapatano yakabaki, kwa sababu hayakuwa yake. Nilipokuwa nikifundisha kipindi hicho sauti ilinipanda. Nilimwona dada yangu amekaa kwenye sinia.

Lakini mwaka 1658 bunge la makabaila haohao wa Poland likawafukuza Waariani, kundi dogo la Waprotestanti waliokana Utatu. Hawakufukuzwa na kalamu ya mtu mmoja. Wengi walikutana, wakakubaliana, wakawatoa wachache. Na hata yale mapatano ya 1573 walioapa ni makabaila, mkulima aliyelima shamba lao hakuwekwa kwenye meza. Je, kama tungekaa sisi sita Muheza tukapiga kura ya mbuzi, mama yako mdogo angeshinda? Nimewahesabu ndugu zangu mmoja mmoja, na sina hakika.

Kwa hiyo waambie wenzako hivi. Kweli, watu waliochoka na vita walimkimbilia mfalme, na Henri wa Nne aliokoa maisha mengi, sitaki mtu amdharau. Lakini waangalie hesabu ya miaka: kutoka 1598 mpaka 1685 ni 87. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa amri aliweza kuiona ikifutwa, kama Mungu alimpa umri mrefu. Halafu waulize katika hiyo miaka 87 Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa walikalishwa wapi wakaambiwa wazungumze.

Nataka sana kukuandikia kwamba jibu ni Warszawa na si Nantes. Kalamu inawasha. Nikitaka kuiandika nawaona Waariani wakifunga mizigo yao 1658, nawaona pia Wafaransa wako wakipokelewa Berlin kwa mikono miwili, na wote wawili wananidai. Wewe uko karibu nao. Nasikia katika kanisa hilohilo pana makumbusho ya Wahugenoti. Nenda, kisha uniandikie wajukuu zao waliongea Kifaransa mpaka lini, na baada ya yule mtawala kufa, 1688, walikuwa na nini mkononi zaidi ya amri yake.

Wasalimie wenzako wote, na kula vizuri.

Mama yako