Tunaletewa mafunzo ya utulivu, wauguzi hawaongezwi

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, upande wa Arua, Uganda. Zamu ya usiku nabaki peke yangu: leba yangu, watoto wa malaria wangu, stoo ya dawa yangu. Siku hizi mgonjwa akilalamika nakasirika, na nyumbani nawakaripia watoto. Sasa tumeambiwa tutafundishwa utulivu wa akili wiki nane, kukaa kimya na kufuata pumzi. Wenzangu wanasema tunanyamazishwa tusidai wafanyakazi. Wengine wanauliza kama si ibada. Niende?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda, na hilo la wenzako ulibebe uingie nalo.

Mafunzo ya wiki nane yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Chimbuko lake ni kwa Wabudha, lakini darasani hakuna sala. Mwislamu na Mkristo wanakaa bila shida.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya madaktari 70 wa huduma za msingi wa Rochester, New York. Uchovu wao ulipungua, huruma kwa wagonjwa ikaongezeka. Ila hawakukaa kimya tu: walisimuliana kuhusu wagonjwa wao, na baada ya wiki nane waliendelea kukutana miezi kumi. Nadhani kule kusimuliana kulisaidia sana. Na karibu nawe, Rhino Camp, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walipewa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya namna hii: vikao vitano, sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua.

Usisubiri kuanza. Kati ya mgonjwa na mgonjwa unanawa kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60. Sekunde hizo usipange lolote. Sikia ubaridi wa maji, povu likipita katikati ya vidole, pumzi ikishuka. Akili itakimbilia yule mama mwenye uchungu. Irudishe kwenye maji bila kujigombeza. Jerikeni yenye kibomba inatosha. Mimi mkunga mstaafu nakuambia, leba huwezi kupata nafasi nyingine ya kujikusanya.

Ukifunga macho ukamwona mtoto aliyefia mikononi mwako, yafungue, tazama sakafu, umwambie mwalimu. Usijilazimishe.

Sasa la wenzako. Shirika la Afya Duniani lenyewe linauhesabu uchovu huu kuwa jambo la kazini, si ugonjwa wa mfanyakazi. Pumzi haiwezi kuzaa muuguzi wa pili wa zamu. Ombeni mafunzo yafanyike saa za kazi, si siku yako ya kupumzika, na karatasi ya zamu iwekwe mezani siku ya kwanza. Andika kila usiku uliobaki peke yako, waliojifungua wangapi, watoto wangapi. Nakala moja ipelekwe kwa kamati ya usimamizi wa kituo, nyingine ofisi ya afya ya wilaya. Mwandike pamoja, asionekane mmoja kuwa mkorofi.

Na kama usingizi umekukimbia wiki kadhaa, au unawaza kufa, usingoje mafunzo. Nenda leo kitengo cha afya ya akili, hospitali ya rufaa, ukahudumiwe kama unavyowahudumia wengine.