Jibu: Mahindi yanaota ukungu ndani ya mfuko wa tabaka tatu

Salama mkuu. Umeuliza kwa nini mahindi yameota ukungu ndani ya mfuko wa tabaka tatu (nailoni mbili ndani ya gunia, hewa haipiti). Kama kuna ukungu na dumuzi (wadudu wanaotoboa mahindi ghalani) hawapo, mfuko hauna kosa. Mahindi yalifungwa yakiwa bado na unyevu. Ule mfuko haukaushi kitu.

Kabla ya kufunga mengine, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko 2 vya chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani, juu ya turubai. Isipoganda, anika siku moja zaidi, maana unatafuta unyevu wa asilimia 13.

Jaza, minya hewa, sokota na ufunge nailoni ya ndani kwanza, halafu ya pili.

Yenye ukungu yatenge, hata kuku usiwape. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kupika.